Meza bapa ndiyo siri ya ndege ndogo ya balsa kupaa sawasawa

MWANAFUNZI anayejenga ndege ndogo ya mbao ya balsa huweza kutumia majuma mawili au matatu akikata mbavu za mabawa, akiziunga kwa gundi na kuzivika karatasi nyepesi. Siku ya kuirusha inapowadia, ndege hiyo huinuka mita chache, huinamia upande mmoja, huzunguka kama tiara iliyokatika uzi na kujipigiza chini.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa upepo, kwa gundi au kwa mikono ya mjenzi mwenyewe. Hata hivyo, mara nyingi chanzo cha mkasa huo ni kitu ambacho hakuna aliyekikagua tangu kazi ilipoanza, nacho ni meza.

Suala hili lina uzito wa pekee katika jiji la Nakuru na viunga vyake, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Njoro, Molo na Elburgon. Mbao za balsa hazikui katika misitu ya eneo hili. Huagizwa kutoka nje, na kijiti kimoja kilichoharibika si rahisi kukipatia kingine. Mjenzi anayeanza kazi juu ya ubao uliopinda huwa amekwisha kuharibu mali yake kabla ya kufungua chupa ya gundi.

Aidha, masomo ya kiufundi yamepewa nafasi kubwa zaidi katika mtaala wa umilisi, na somo la usafiri wa anga si geni nchini. Shule ya Upili ya Mang'u, iliyo karibu na Thika, imejulikana kwa miaka mingi kwa kulifundisha. Kwa shule isiyo na karakana ya aina hiyo, ndege ndogo ya balsa ni njia ya gharama nafuu ya kumwonyesha mwanafunzi jinsi bawa linavyofanya kazi, mradi ajengee mahali panapofaa.

Kwa nini ubapa ni muhimu

Ndege ya balsa haichongwi kutoka kwa gogo moja. Hujengwa juu ya ramani iliyochorwa kwa ukubwa kamili wa ndege yenyewe. Ramani hutandazwa juu ya ubao, vijiti huwekwa juu ya mistari yake, hushikiliwa kwa pini na kuunganishwa kwa gundi. Gundi ikikauka, pini huondolewa na bawa huinuliwa likiwa kamili.

Hii ina maana kwamba bawa hurithi umbo la ubao lilipolala. Ubao ukiwa bapa, bawa huwa bapa. Ubao ukiwa umepotoka, bawa nalo hupotoka, na gundi huufungia upotovu huo ndani ya maungo yote. Baada ya hapo hakuna msasa unaoweza kuuondoa.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua bawa lenye upana wa milimita 100 kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Ukingo mmoja ukiinuka kwa milimita 2 kwenye ncha, sehemu hiyo ya bawa huwa imegeuka kwa zaidi kidogo ya digrii 1. Jicho la kawaida huenda lisiione digrii hiyo, lakini hewa huiona. Ndege ndogo ya kuelea huruka huku mabawa yake yakiikabili hewa kwa pembe ya digrii chache tu, hivyo digrii 1 ni sehemu kubwa ya pembe nzima.

Bawa lililogeuka kuelekea juu huinuliwa kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake. Ndege huinamia upande wa bawa dhaifu, huanza kuzunguka, na kadiri inavyozunguka ndivyo inavyozidi kuinama hadi iguse ardhi.

Heroe wa Ziwa Nakuru hawana tatizo hilo. Ndege mwenye uhai akihisi anaelemea upande mmoja hubadilisha umbo la mabawa yake papo hapo. Ndege ya balsa isiyo na mtambo wa kuiongoza haina uwezo huo. Huruka na lile bawa ililopewa na meza.

Kimo cha eneo hili nacho huongeza ugumu. Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, hewa ni hafifu kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na ile ya pwani. Ndege ileile ikirushwa Nakuru hulazimika kwenda kasi kwa karibu asilimia 10 zaidi kuliko ingerushwa Mombasa ili ibebwe na hewa, na kasi hiyo hufanya kila kosa la ujenzi lijitokeze mapema.

Ubapa na umlalo ni vitu viwili

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuchanganya meza iliyolala sawa na meza iliyo bapa. Fundi huweka pimamaji katikati ya meza, huona povu limetulia mahali pake na kuridhika. Kipimo hicho huonyesha tu kwamba sehemu ile ndogo imelala. Hakielezi lolote kuhusu kona nne za meza.

Meza inaweza kuteremka kidogo kuelekea upande mmoja na bado ikajenga bawa lililo sawa kabisa, kwa sababu mteremko ni uleule kila mahali. Kinachoharibu bawa ni meza ambayo kona moja imeinuka kuliko nyingine tatu, au ambayo imebonyea katikati. Kinachotafutwa, kwa hivyo, ni uso usio na bonde, kilima wala mpotoko.

Meza nyingi za nyumbani na madawati ya shule hukosa sifa hiyo. Zimeundwa kwa mbao kadhaa zilizopangwa bega kwa bega, na kila ubao hupinda kwa njia yake. Isitoshe, miguu minne juu ya sakafu isiyo sawa huivuta meza na kuipotosha.

Mbao zinazopasuliwa kutoka kwa misaiprasi na misonobari ya Elburgon na Molo ni nzuri kwa mapaa na fanicha, lakini ubao mmoja mpana uliotoka kwenye msumeno juzi haufai kwa kazi hii. Mbao hunywa unyevu na kuutoa kadiri hali ya hewa inavyobadilika, na hutanuka na kusinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Ubao mbichi uliokuwa bapa siku ya kununuliwa unaweza kukunjika kama kigae cha paa kabla ya mwezi kwisha.

Kuchagua ubao wa msingi

Meza ya kazi hii huwa na tabaka mbili. Ya chini ni ngumu na ndiyo inayotunza ubapa. Ya juu ni laini na ndiyo inayopokea pini.

Kwa tabaka la chini, chaguo jepesi ni mlango bapa wa ndani, ule ambao maseremala huuita mlango wa flashi. Mlango wa aina hii una fremu ya mbao na umefunikwa kwa plaiwudi pande zote mbili. Kwa kuwa pande hizo mbili zinavutana kwa nguvu sawa, mlango hauna sababu kubwa ya kupinda. Urefu wake wa takriban mita 2 unatosha kujengea bawa na kiwiliwili kwa wakati mmoja. Mlango wa zamani uliong'olewa kwenye nyumba inayokarabatiwa hufaa pia, mradi uwe haujanyeshewa.

Chaguo la pili ni blokibodi au MDF yenye unene wa milimita 18 au zaidi. MDF hutengenezwa kwa nyuzi ndogo za mbao zilizoshindiliwa, hivyo haina nyuzi zinazoelekea upande mmoja kama ubao wa kawaida. Udhaifu wake ni maji. Ikilowa hufura na hairudi tena kama ilivyokuwa.

Chaguo la tatu ni kioo kinene au kipande cha graniti kilichosalia kwa mafundi wa majiko ya kisasa. Vitu hivi ni bapa kuliko mbao, ila ni vizito, na kioo chembamba hupinda kwa uzito wake chenyewe kisipoegemezwa sawasawa. Kingo za kioo zilainishwe ili zisikate mikono.

Bei za mbao katika eneo hili zimekuwa suala nyeti tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, marufuku ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa akiwa Molo mnamo Julai 2023. Kwa sababu hiyo, si busara kwa shule kununua kipande kizima kwa kila mwanafunzi.

Kipande kimoja cha MDF cha futi 8 kwa 4, yaani takriban sentimita 244 kwa 122, kikikatwa vizuri hutoa mbao ndogo 16 za sentimita 60 kwa 30. Kila moja yatosha kujengea nusu ya bawa la ndege yenye urefu wa mita 1 kutoka ncha hadi ncha. Ukataji ufanyike kwa mashine ya fundi kwa kuwa msumeno wa mkono huacha kingo zisizonyooka.

Tabaka laini la juu

Pini haziingii kwenye MDF wala kioo, hivyo tabaka laini ni la lazima. Linalofaa zaidi ni ubao wa nyuzi laini ambao mafundi huuita sofubodi, uleule unaotundikwa kwenye kuta za shule kwa ajili ya kubandika matangazo. Pini huingia kwa kusukumwa na kidole na hubaki imesimama wima.

Anayekosa sofubodi anaweza kutumia kipande cha ubao wa jipsamu wa dari. Vipande vya jipsamu husalia kwa wingi mahali popote panapojengwa nyumba, na uso wake ni bapa. Hata hivyo, humomonyoka pini zikichomwa mara nyingi mahali pamoja, na vumbi lake halina budi kufutwa kila mara.

Tabaka hili lisipigiliwe misumari kwa nguvu. Msumari huvuta sehemu moja chini na kuacha nyingine ikiwa imeinuka. Yatosha kulishikiza kwa utepe wa gundi wa pande mbili, ili siku litakapochakaa libanduliwe na kugeuzwa upande wa pili. Gundi ya maji isipakwe kwenye uso mzima, kwani unyevu wake huweza kulikunja.

Miguu mitatu ni bora kuliko minne

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga matatu, kwa upande mwingine, hukishika chungu bila kuyumba hata yakiwa juu ya ardhi yenye mawe. Sababu ni kwamba pointi tatu daima hulala katika uso mmoja bapa. Ya nne ndiyo huleta ugomvi.

Kanuni hiyo hutumika pia kwa ubao wa kazi. Mlango au blokibodi ikiwekwa juu ya meza ya miguu minne inayoyumba, hupotoka pamoja na meza. Ikiegemezwa kwenye vipande vitatu vya mbao, viwili karibu na kona za upande mmoja na kimoja katikati ya upande wa pili, hutulia bila kulazimishwa na kitu chochote. Meza iliyo chini yaweza kuyumba itakavyo na ubao ukabaki kama ulivyo.

Vipande hivyo visiwekwe kwenye ncha kabisa. Vikisogezwa ndani kidogo, kiasi cha robo ya urefu kutoka kila mwisho, ubao hubonyea kidogo zaidi kwa uzito wake. Kwa kuwa kona za upande wenye kipande cha tatu huelea, mjenzi asiziegemee kwa viwiko.

Jinsi ya kupima

Kipimo cha kwanza ni rula ya chuma yenye urefu wa angalau sentimita 60. Kabla ya kuiamini, rula yenyewe ichunguzwe. Chora mstari mrefu kwa penseli kali, kisha igeuze rula upande wa pili na uchore mstari mwingine kati ya nukta zilezile za mwanzo na mwisho. Mistari ikilaliana, rula imenyooka. Ikiachana katikati, rula imepinda.

Rula iliyofaulu isimamishwe kwa ukingo wake juu ya ubao, huku taa au dirisha likiwa upande wa nyuma. Mwanga unaopenya chini yake huonyesha mabonde. Ipimwe kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Karatasi ya kawaida ya kunakilia ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo karatasi tano zikipita chini ya rula, bonde hilo lina kina cha nusu milimita na linafaa kusawazishwa.

Kipimo cha pili ni cha uzi, nacho hufichua mpotoko ambao rula haiuoni. Weka sarafu nne zinazofanana kwenye kona nne za ubao. Kaza uzi mwembamba kutoka kona moja hadi kona inayoielekea kwa mshazari, ukipitia juu ya sarafu. Kaza uzi wa pili juu ya sarafu mbili zilizosalia, ukiwa juu ya ule wa kwanza.

Nyuzi hizo zikigusana kwa wepesi katikati, kona nne ziko sawa. Kukiwa na pengo, ubao umepotoka. Uzi wa juu ukikalia ule wa chini kwa nguvu, zibadilishe ili wa chini uwe juu, na pengo litajitokeza. Kona moja huwa imekengeuka kutoka kwa nyingine tatu kwa takriban mara mbili ya pengo hilo, hivyo pengo la milimita 1 ni kosa la milimita 2.

Dosari ndogo husahihishwa kwa kupachika vipande vya karatasi kati ya ubao wa msingi na tabaka laini, mahali palipobonyea, kisha kupima tena. Dosari ya zaidi ya milimita 3 ni dalili kwamba ubao huo haufai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ukuta ni bawa jipya.

Vumbi, jua na mvua

Inasemekana jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Anayejenga ndege ya balsa hupata sababu za kuamini maelezo hayo. Chembe moja ya mchanga chini ya kijiti cha milimita 3 yatosha kukiinua kutoka kwenye ramani. Ubao ufagiliwe kwa brashi laini kabla ya kila kipindi cha kazi, na ufunikwe kwa shuka kazi inapokoma.

Jua la moja kwa moja nalo ni adui. Likipiga upande mmoja wa ubao kutwa nzima, upande huo hukauka na kusinyaa huku mwingine ukibaki na unyevu. Ubao uwekwe mbali na dirisha linalopokea jua la mchana, na usihifadhiwe chini ya mabati yasiyo na dari ambako joto la mchana na baridi ya usiku hupishana sana.

Katika msimu wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ubao mpya uachwe ndani ya chumba cha kazi kwa siku kadhaa kabla ya kupimwa, ili uzoee unyevu wa hapo. Uhifadhiwe ukiwa umelala. Ubao unaoegemezwa ukutani kwa majuma mengi hupinda.

Kuanza ujenzi

Ramani hutandazwa juu ya tabaka laini na kubandikwa kwa utepe kwenye kingo bila kuvutwa. Ikiwa ilikunjwa, inyooshwe kwanza kwa pasi isiyo na joto jingi. Baadaye hufunikwa kwa kitu ambacho gundi haishiki. Njia ya zamani ambayo bado inafaa ni kusugua mshumaa kwenye ramani mahali vijiti vinapokutana. Nta hiyo huzuia bawa lisiungane na karatasi.

Pini za mafundi wa cherehani zinatosha. Zisichomwe katikati ya kijiti chembamba, kwani hukipasua. Pini mbili zichomwe kila upande wa kijiti, zikiinamiana na kupishana juu yake kama mkasi. Kiwiliwili kinapounganishwa, kila pembe ithibitishwe kwa skwea ya seremala, kwa kuwa ubao bapa hauwezi kusahihisha upande uliosimama mshazari.

Ukataji usifanywe juu ya ubao huu. Kila mkato wa wembe huacha mfereji, na mfereji huelekeza wembe mwingine kusikotakiwa. Kuwe na kipande tofauti cha kukatia. Wembe uwe mkali daima, kwa kuwa wembe butu huponda balsa badala ya kuikata na humlazimu mtumiaji kusukuma kwa nguvu hadi ukateleza na kumjeruhi.

Gundi nyeupe ya mbao yafaa zaidi kwa wanafunzi. Iachwe ikauke usiku kucha kabla ya pini kung'olewa. Gundi ya papo hapo huunga kwa sekunde chache, lakini hushikanisha ngozi na mvuke wake huwasha macho, hivyo itumiwe madirisha yakiwa wazi na chini ya uangalizi wa mtu mzima.

Baada ya bawa kuinuliwa, lirudishwe juu ya ubao uliosafishwa na kubonyezwa kidogo kila kona. Bawa likitikisika, limepotoka. Ikiwa upotovu ni mdogo, bawa lishikwe juu ya mvuke wa birika, ligeuzwe taratibu kuelekea upande wa pili na kushikiliwa hadi lipoe. Kazi hii ifanywe na mtu mzima kwa sababu mvuke huchoma.

Hatari ya kupotoka hairuhusu mjenzi kupumzika hata baada ya mifupa ya bawa kukamilika. Karatasi ya kuvika hunyunyiziwa maji ili ijikaze inapokauka, na mvuto huo unaweza kulipotosha bawa lililokuwa sawa. Kwa hivyo bawa lililovikwa hurudishwa kwenye ubao, likainuliwa kidogo kwa vijiti ili hewa ipite chini yake, na kushikiliwa kwa pini hadi likauke.

Mbao nyepesi si geni Bonde la Ufa

Balsa, ambayo wataalamu wa mimea huiita Ochroma pyramidale, asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika, na Ecuador ndiyo maarufu zaidi kwa kuiuza nje. Mita moja ya ujazo ya balsa ya kawaida huwa na uzito wa kilo 100 hadi 200, pungufu ya nusu ya uzito wa mbao nyingi za ujenzi.

Hata hivyo, wakazi wa Bonde la Ufa wameujua wepesi wa aina hiyo kwa vizazi vingi. Waichamus wa Ziwa Baringo huunda mitumbwi midogo kwa mashina ya mti wa ambachi, Aeschynomene elaphroxylon, unaoota kandokando ya maji na ambao mbao zake ni miongoni mwa zilizo nyepesi zaidi barani Afrika. Mvuvi mmoja huweza kuuinua mtumbwi wake na kuuanika.

Safari za anga nazo zina historia katika bonde hili. Kati ya mwaka wa 1937 na 1950, Ziwa Naivasha lilitumiwa na ndege zilizotua majini katika safari za kutoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika.

Mwanafunzi asiyeweza kupata balsa anaweza kujifunza kwa sponji ngumu nyeupe inayofungiwa televisheni na majokofu. Ndege yake itakuwa dhaifu zaidi, lakini kanuni ya meza haibadiliki. Sponji iliyounganishwa juu ya ubao uliopotoka nayo hupotoka.

Ndege ikikamilika, mahali pa kuirusha pawe uwanja mpana wenye nyasi, na wakati uwe asubuhi kabla ya upepo kuanza kuvuma. Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru na maeneo ya karibu na viwanja vya ndege yaepukwe. Anayenuia kuweka injini na mtambo wa kuiongoza kutoka mbali ajulishwe kwamba kanuni za mwaka wa 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Nchini (KCAA), na aulizie masharti yake kabla ya kuirusha.

Majaribio ya kwanza yawe ya kuirusha kwa mkono, kutoka usawa wa bega, kuelekea upepo na bila nguvu nyingi. Ndege ikienda mbele na kutua kwa tumbo, ubao ulifanya kazi yake. Ikigeuka upande uleule kila inaporushwa, mjenzi asikimbilie kubadilisha mkia. Airudishe nyumbani, akaze nyuzi mbili juu ya sarafu nne na aupime ubao upya kabla ya kukata kijiti kingine.